Alkoblo ya mfukoni ya elfu tatu na nusu: inafaa asubuhi kuliko usiku

Hii kitu, kipima pombe cha kupuliza, nilichukua Luthuli, Nairobi, mwezi jana, 3,500 baada ya kubishana na jamaa wa duka mpaka akachoka, alikuwa ameanza na elfu tano. Ni kidude kama rimoti ya gari, betri mbili ndogo na vibomba vitano vya plastiki vya kupuliza. Risiti nilipewa nikiomba mara ya tatu, na waranti ni "ikisumbua rudi tu bosi". Sawa.

Shida ya kwanza ni namba. Inasoma asilimia ya pombe kwa damu, mfano 0.08, na huku kwetu kanuni za alkoblo za 2011 ziliweka mikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi. Nikamuuliza jamaa hizi mbili zinakutana wapi, akaniambia ikilia usiendeshe. Kumbe ukifinya kitufe mara mbili inageuka inasoma miligramu kwa lita, na hapo 35 yetu ni 0.35, ambayo ndiyo karibu sawa na ile 0.08. Kwa kikaratasi hiyo haiko.

Pia ni rahisi kuidanganya. Nilisukutua mdomo na ile dawa ya buluu, pombe sijaonja siku tatu, nikapuliza papo hapo ikapiga 0.12! Nikangoja dakika ishirini, sifuri. Kwa hivyo ukimaliza glasi usikimbilie kupuliza, hiyo unapima mdomo tu. Na bangi haioni kabisa.

Sasa pale ilinipata. Ijumaa moja tulianzia nyama choma Kenyatta Market tukamalizia kwingine saa nane usiku, nikarudi na teksi kama mtu mwenye akili. Saa moja asubuhi nimeoga, nimekunywa chai na chapati, funguo mkononi nipeleke kijana mpira Kasarani, najisikia freshi kabisa, nikapuliza kwa mzaha. 0.09. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni, akaangalia kidude, akaniangalia, akachukua funguo bila kusema neno. Mwili unatoa kama 0.015 kwa saa, piga hesabu mwenyewe, hapo nilikuwa na masaa sita mbele yangu na chai haingepunguza hata moja.

Wale mnaitaka ndiyo mkabishane na karao Thika Road, wekeni pesa yenu. Mahakama ya rufaa ilitupa zile kanuni za alkoblo 2017 ndiyo, watu wakasherehekea, lakini kifungu cha 44 cha sheria ya trafiki kinachokataza kuendesha ukiwa mlevi hakikuguswa. Na ulichopuliza nyumbani ni chako wewe. Binamu yangu yuko Dallas, nikamwonyesha kwa video akacheka. Huko Texas, anasema, ukishashikwa kwa ulevi ukiendesha sheria inakuhesabu kama mtu aliyekubali kupimwa siku aliyoingia barabarani, kidole hukuweka popote lakini ulikubali. Ukikataa, leseni inaenda siku 180 mara ya kwanza, halafu polisi anaweza kutafuta waranti, yaani kibali cha jaji, wakutoe damu. Nikamuuliza na pumzi je, akasema mahakama ya juu ya Marekani ilishaamua 2016, pumzi haihitaji waranti ukishakamatwa, damu ndiyo inahitaji. Mimi nilidhani huko mtu anakataa tu na inaisha, vile tunaona kwa sinema.

Zaidi ya hapo, sensa za hizi za bei rahisi, yaani kile kinachonusa pombe ndani, zinachoka, zinafaa kurekebishwa kila baada ya miezi kadhaa na pale dukani nilipouliza nani anafanya hiyo kazi walinitazama kama nimeuliza bei ya ndege. Mimi naipa nyota tatu na nusu, nusu ni ya ile asubuhi. Vibomba vimebaki viwili, vya kununua peke yake hakuna, jamaa ananiambia nioshe na maji moto niendelee.