Usiku Saba Melini na Watoto Wawili: Maoni Yangu Kuhusu Vitanda vya Juu

Je, mtoto alale kitanda cha juu kwenye meli ya kitalii? Nianze na jibu, maana najua mzazi mwenye haraka anatafuta hilo tu: kijana wangu wa miaka saba alilala kitanda cha juu usiku sita kati ya saba na hakuanguka. Dada yake wa miaka minne hakulala huko hata usiku mmoja, ingawa tulikuwa tumemlipia nafasi ya huko huko juu. Meli yenyewe sina ugomvi nayo, na wahudumu walikuwa watu wazuri sana. Ninachokizungumzia hapa ni vitanda.

Shida ilianzia kwenye maneno "chumba cha watu wanne". Niliyasoma nikaona vitanda vinne kichwani mwangu. Kwenye picha palikuwa na vitanda viwili vya chini, meza, kioo na dari nyeupe safi, wala sikujiuliza hao wawili wengine wanalazwa wapi. Tulipoingia chumbani mchana ule, mdogo ndiye aliyeuliza: "Mama, sisi tunalala chini?" Jibu lilikuja jioni. Mhudumu wa chumba alifika na ufunguo, akafungua ubao uliokuwa ukutani karibu na dari, akauvuta, kikashuka kitanda kizima na godoro na shuka zake. Akahamia ukuta wa pili, akashusha kingine. Watoto walipiga vigelegele.

Vitanda hivi huitwa Pullman, kwa jina la George Pullman, Mmarekani wa karne ya 19 aliyejulikana kwa mabehewa ya kulala ya treni. Kwa chumba kidogo ni ubunifu mzuri: usiku kitanda, mchana ukuta. Tatizo ni kwamba picha za matangazo hupigwa mchana.

Watoto walipokuwa wanaoga nilipanda kukagua. Upande wa wazi ulikuwa na ukingo mmoja wa bomba la chuma, uliokaa katikati na kuacha wazi kichwani na miguuni. Nikaweka kiganja juu ya godoro: ukingo ulizidi kwa upana wa vidole vinne tu. Hapo sehemu ya kosa ilikuwa yangu. Wakati wa kulipia niliomba matandiko ya ziada ya kulainisha magodoro, nikidhani nawafanyia watoto hisani, kumbe kila sentimita ya tandiko inakula sentimita ya ukingo. Mhudumu aliyaondoa bila maneno mengi, ukingo ukafikia kama sentimita 12 hivi. Afadhali.

Kwa nini nilihangaika na vipimo? Nyumbani tuna kitanda cha dabodeka, na kabla ya kukinunua nilisoma sana. Marekani, tangu mwaka 2000, kitanda cha aina hiyo cha nyumbani kinatakiwa kiwe na kingo pande zote mbili, hata ule unaogusa ukuta. Ukingo uzidi godoro kwa sentimita 13 hivi, na uwazi wowote ndani ya ukingo wenyewe usizidi sentimita 9. Hiyo tisa ina sababu yake: mtoto mdogo akiteleza miguu kwanza, kiwiliwili kinaweza kupita mahali ambapo kichwa hakipiti. Kitanda lazima pia kiwe na onyo kwamba mtoto chini ya miaka sita asilale juu, na kiwango cha Ulaya, EN 747, kinataja umri huo huo. Hizo ni kanuni za vitanda vya nyumbani. Mimi niliziazima ziwe futi yangu ya kupimia. Kwa futi hiyo, kitanda cha meli kilipungua kidogo kwa kimo cha ukingo, na kule kichwani na miguuni palikuwa wazi mno kwa macho yangu.

Mhudumu, kwa upole kabisa, aliniambia: "Mama, usiwe na wasiwasi, watoto wengi hulala hapo." Sikubishana naye. Lakini ninamjua binti yangu anavyolala. Huzunguka kama mshale wa saa; unamlaza kichwa kikiwa kwenye mto, alfajiri unakuta miguu iko pale. Akishtuka usiku huanza kutembea kwanza, kisha ndiyo anaamka. Mtoto wa hivyo utamwekaje karibu na dari?

Tukatafuta njia nyingine. Kitanda cha wavu cha kukunja walikuwa nacho, ila ni cha watoto wachanga, na binti yangu angekaa humo akiwa amejikunja kama mkate. Nilipouliza kuhusu godoro sakafuni nilikataliwa, na nikaafiki sababu: lingeziba njia ya mlangoni, na melini njia hiyo lazima iwe wazi usiku kucha. Mwishowe mhudumu aliviunganisha vitanda viwili vya chini vikawa kimoja kipana. Mdogo akalala upande wa ukuta (tulihakikisha kwanza hakuna mwanya kati ya godoro na ukuta), mimi upande wa nje, na baba watoto akahamia juu. Uzito wake uliruhusiwa, tulisoma kibandiko kwanza. Ila nafasi kati ya mto na dari haikumhurumia. Kila asubuhi tulisikia kichwa kikigonga, kisha neno ambalo watoto walikatazwa kulirudia.

Usiku wa tatu bahari ilichafuka. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwahi kulisoma popote, nalo ni mwelekeo wa kitanda. Vitanda vyetu vilikuwa kwenye kuta za pembeni za chumba, kwa hiyo mtu amelala kichwa upande wa ujia na miguu upande wa bahari, au kinyume chake. Meli ikienda mrama, yaani ikiinama ubavu huu na ule, wewe uliyelala hivyo unapanda kichwa na kushuka miguu tu. Unateleza kidogo, lakini hubiringiki. Balaa linakuja omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, ikipanda na kuzama. Hapo kitanda kinainama kwa upande, na mwili unaelekea ukingoni. Meli kubwa za kitalii huwa na mapezi ubavuni chini ya maji yanayopunguza ule mrama, lakini kupanda na kushuka kwa omo hayakuzuii. Na sisi, kwa kupenda bei nafuu, tulichukua chumba cha mbele kabisa, karibu na omo. Saa nane usiku nilimwona kijana amebanwa kwenye ukingo, mkono mmoja umening'inia nje. Ukingo ulifanya kazi yake. Nilimshusha hata hivyo, tukalala watatu kama dagaa, na huo ndio usiku mmoja kati ya saba ambao hakulala juu. Chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, kingetuyumbisha kidogo zaidi.

Hata hivyo, kilichonitia hofu zaidi ya kulala ni kushuka. Chumba chetu hakikuwa na dirisha. Zima taa, na ni giza kama la ndani ya chungu, hata saa sita mchana. Usiku wa kwanza kijana aliamka kwenda msalani akaanza kushuka kama anavyoshuka ngazi za nyumba, uso mbele, mgongo kwa ngazi. Na ngazi yenyewe haijafungwa. Ina kulabu mbili tu zinazoning'inizwa kwenye kitanda, ukiisukuma kwa mguu inanyanyuka. Bahati baba yake alikuwa macho. Kesho yake mchana tulifanya mazoezi mara kumi: geuka, tazama ngazi, mikono miwili, mguu mmoja mmoja. Kisha akafanya tena macho yakiwa yamefumbwa, akaona ni mchezo mtamu. Kuta za chumba zilikuwa za chuma, nikabandika taa ndogo ya betri yenye sumaku karibu na ngazi, na mlango wa msalani tukauacha nusu wazi. Sharti letu lilikuwa moja: ukitaka kushuka usiku, ita kwanza. Aliita. Alituamsha wote kila usiku, lakini aliita.

Ngazi hiyo hiyo mchana ni mwaliko kwa asiyetakiwa. Siku ya nne mhudumu alichelewa kukunja vitanda, nami nilikuwa msalani dakika tatu. Nilipotoka, mdogo alikuwa ameketi juu, miguu inaning'inia, ananipungia mkono kama malkia. Tangu hapo ngazi ilikuwa inang'olewa na kufungiwa kabatini kila tulipoamka, bila kumsubiri mtu.

Kuna wazazi hujaza mito au sponji ndefu za kuogelea chini ya shuka pembeni. Nilijaribu upande wa miguuni. Inasaidia mtoto kuhisi mwisho wa kitanda, basi, ukingo haiwi. Na uangalie isije ikamnyanyua mtoto juu ya ukingo uliopo, kama tandiko langu lilivyofanya. Kufunga kamba, khanga au mkanda kuzuia mtoto asianguke, hapana kabisa. Shingo ya mtoto na kamba usiku havikai pamoja.

Jambo moja la kusifu: siku ya kwanza, kwenye zoezi la dharura, tulipewa majaketi ya kuokolea ya saizi ya watoto, na mhudumu alituonyesha pa kuyaweka chumbani. Tuliyaweka chini, pembeni ya kitanda changu, maana sikutaka mtu apande kutafuta kitu juu king'ora kikilia.

Kwa mtoto wa miaka saba anayelala ametulia, anayesikia akiambiwa, nampa kitanda hiki nyota tatu kati ya tano. Kwa chini ya sita sitoi hata moja, na namlaumu aliyeuza tiketi. Tulijaza tarehe za kuzaliwa za watoto wote wawili kwenye fomu, na hakuna aliyetuuliza chochote. Mfumo ulihesabu vitanda, ukaridhika.

Tumeshaweka nafasi tena kwa mwakani. Safari hii nilipiga simu kabla ya kulipa, nikaomba picha ya chumba usiku, vitanda vikiwa vimeshushwa, na ukingo uonekane. Yule dada aliyepokea alicheka, akasema hajawahi kuombwa picha ya namna hiyo, lakini aliitafuta akanitumia. Tumechukua chumba cha katikati ya meli chenye sofa inayofunguka kuwa kitanda. Kaka mtu atalala juu. Mdogo atalala kwenye sofa, kwa sababu atakuwa bado hajafikisha sita. Zitabaki wiki tano. Ameshaniuliza kama meli inaweza kusubiri.