Jezi ya NWANERI 53: fundi kaungua mkono, dogo kashika pasi

Wadau habari za saa hizi. Juzi kuna mtu kaniuliza wapi Dodoma mjini anaweza kupata jezi ya kueleweka na kuprinti jina kwa bei ya mtu wa kawaida, nikamwambia subiri nitaandika maana jibu langu refu kidogo. Duka lenyewe sitalitaja jina, lipo mitaa ya soko la Majengo, kachumba tu, jezi zimetundikwa mpaka mlangoni unaingia kwa kuinama, ndani kuna meza moja, ile pasi kubwa ya kubandikia na feni inayozunguka ikijisikia.

Nimeprinti jezi mbili pale. Ya kwanza Agosti 2024, SAKA 7, kabandika fundi mwenyewe mwenye duka. Ya pili Februari 2025, NWANERI 53, kabandika dogo. Wote hao ni wachezaji wa Arsenal ya London.

Jezi zenyewe ni kopi, tusidanganyane, kwa 25,000 unataka orijino ya wapi. Ila kopi nazo zinatofautiana bana. Ile ya Arsenal ya 2024/25 ilikuwa na mzinga (ile silaha ya kivita ya kwenye nembo yao) peke yake kifuani bila ile ngao yao, na hapo ndo unapimia, kuna kopi nyingine nimeziona mzinga umekaa kama toroli la kubebea mchanga. Hii mzinga umetulia, nyuzi hazijachomoka mpaka leo, na Visit Rwanda ya mkononi imeandikwa sawa (nimewahi kuona mtu kavaa VISIT RUANDA, na anatembea nayo kwa amani kabisa). Kitambaa chepesi kinapitisha upepo. Saizi ndo shida, L yao ni M ya binadamu wa kawaida, chukua moja juu na usibishane.

Sasa tuje kwenye printi, maana ndo kilichonifanya niandike.

Mnakumbuka Februari ile Arsenal ilivyokuwa wodi. Saka kachanika misuli ya nyuma ya paja Desemba kule kwa Crystal Palace, kaenda kupasuliwa. Januari straika Jesus kaumia goti mechi ya Kombe la FA na Man United. Martinelli naye kaumia Newcastle kwenye nusu fainali ya Kombe la Carabao. Timu ikaenda Dubai kupata jua na kupumzika, Havertz akarudi huko na paja limeharibika, wakasema msimu wake umeisha. Na dirisha la Januari lilishafungwa hawajasajili hata mtu mmoja, walimtaka straika Watkins, klabu yake Aston Villa wakakataa basi ikaishia hapo, yaani straika hamna, siyo kwamba wapo wabovu, hamna kabisa.

Na wiki hiyohiyo Walima Zabibu wetu, Dodoma Jiji, wanarudi kutoka Ruangwa kucheza na Namungo, basi linapata ajali huko Lindi, wachezaji wanaumia, mechi ya Simba iliyokuwa inafuata ikaahirishwa. Kwaiyo ukikaa kijiwe chochote Dodoma hapa stori ni nani kavunjika nani katoka hospitali, ukiuliza wa timu gani ndo unajua kama tunaongelea London au Dodoma Jiji.

Naingia dukani namkuta fundi kafungwa bandeji mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Kaungua na pasi yake mwenyewe. Kuna mzee alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri jezi ya mjukuu wake, akacheka akasema, "Na wewe umeingia wodini!" Pembeni ya pasi kasimama dogo mmoja, mtoto wa dada yake fundi, kamaliza kidato cha nne anasubiri kupangiwa shule. Shikamoo, marahaba. Ndo yupo kazini.

Nikasema naomba NWANERI 53. Fundi akaniangalia kama nimeomba jina la mganga.

"Kaka jina likishaingia halirudi. Weka Odegaard 8, kapteni huyo, haendi popote. Hawa madogo leo yupo kesho katolewa kwa mkopo humsikii tena."

Nikamwambia huyu kaingia ligi kuu ya England ana miaka 15, 2022 na Brentford, hakuna aliyewahi kucheza ile ligi akiwa mdogo hivyo, na Man City juzijuzi kawafunga kwenye zile 5-1, siku Lewis-Skelly, dogo mwenzake, naye kafunga akakaa chini anamuiga straika wao Haaland. Fundi akanijibu, "Kafunga wakati timu inaongoza nne. Hata mimi na mkono huu ningefunga." Mzee akacheka tena. Kiukweli sikuwa na jibu, maana bao lake lilikuwa ni lile la mwisho kabisa.

Basi dogo akaanza. Hapa nilisimama naangalia kila kitu maana hela ni yangu. Kwanza kaipitisha pasi kwenye jezi tupu bila herufi, nikadhani kakosea, kumbe anakausha kitambaa, fundi mwenyewe ya Saka hakufanya hivyo. Akapima vidole vinne kutoka kwenye kola. Akapanga herufi moja moja kwa kucha. Akashusha pasi akawa anahesabu kwa sauti ya chini, moja mbili tatu, fundi huku nyuma anapiga kelele "inatosha hiyo utaunguza jezi ya watu!" na dogo hasikii, kafika ishirini ndo kanyanyua. Akasubiri ipoe. Wale wa haraka haraka huwa wanabandua karatasi ya juu ikiwa ya moto, yeye kaacha mpaka imepoa kabisa, akabandua polepole kuanzia kwenye kona, akaweka kitambaa juu akarudia tena. Jasho mpaka kwenye kidevu.

Matokeo? Limepinda. N ya kwanza ipo chini, I ya mwisho ipo juu, ukiniangalia kwa nyuma unahisi nimelalia upande mmoja. Nilikasirika sana aisee. Fundi akaanza kumgombeza nikamwambia muache, nipunguzie hela, bei ya kuprinti ilikuwa 7,000 akanitoza 5,000. Dogo alikuwa anaangalia chini tu.

Jumamosi nikaivaa hivyohivyo kwenda kucheki Arsenal na Leicester, saa tisa na nusu ile ya mchana, jua linawaka na baa imejaa. Jamaa mmoja nyuma yangu anasema jina lako mbona linapanda Mlima Simba. Wakanicheka kipindi cha kwanza chote na mpira wenyewe ulikuwa mbovu, hakuna wa kumalizia. Dogo Nwaneri ndo pekee alikuwa anawasumbua kule winga ya kulia. Dakika ya 81 kapiga krosi, Merino kichwa, ndani. Merino ni kiungo jamani! Kaingizwa akacheze straika kwa sababu hakuna mwingine, na dakika chache baadaye kaweka la pili. Bia mbili nilinunuliwa na yule yule wa Mlima Simba.

Sisemi madogo ni malaika. Jumamosi iliyofuata tumefungwa moja bila na West Ham tena nyumbani, Lewis-Skelly kapewa nyekundu, na wale wale waliosifia krosi tamu wakageuka oh ndo shida ya kuchezesha watoto. Kana kwamba wakubwa walikuwepo wakanyimwa nafasi. Siku chache mbele PSV wamepigwa saba kwao, Lewis-Skelly kampa pasi Nwaneri kafunga, wakageuka tena. Mimi nimechoka nao.

Turudi kwenye bidhaa. Mnajua maji ya visima vya mji huu yalivyo na chumvi, sabuni yenyewe haitoi povu. Jezi zote mbili nimefua kwa mkono, maji yaleyale, kamba ileile. Tarehe 1 Aprili Saka karudi na Fulham, kaingia akafunga, mimi nimekaa natetemeka kwa furaha, na siku hiyohiyo mgongoni kwangu S inaning'inia kwa kona moja. Wiki haijaisha imedondoka, nikawa natembea na AKA 7. Na ilikuwa imenyooka ile, ukiweka rula inakaa.

NWANERI 53 hamna hata kona iliyonyanyuka. Limepinda vilevile kama siku ya kwanza.

Ikafika Agosti 2025. Arsenal wakamuongezea Nwaneri mkataba na kumpa namba mpya, 22. Nikafurahi nikasema si mnaona, na kabla mwezi haujaisha wakamleta Eze, na Madueke alishakuja, na Gyökeres, wote wa mbele, wodi ikafunguliwa watu wakajaa, na dogo aliyebeba maboksi wakati wa mafuriko akarudi benchi. Hilo linaniuma kidogo lakini ni stori ya siku nyingine. Nikabeba jezi yangu nikaenda Majengo kubadilisha 53 niweke 22.

Fundi mkono umepona, kabaki kovu tu. Dogo hayupo, kapangiwa kidato cha tano kaenda Julai. Nikampa jezi. Kapasha pasi, kajaribu kubandua kwa kucha, hamna. Kapasha zaidi, katumia kibano, hamna. Kachukua wembe kakwangua pembeni ya 5 kidogo tu, katoa nyuzi nyekundu badala ya namba, akasimamisha. Feni inazunguka, jasho linamtoka.

"Hii haitoki kaka. Nikilazimisha kitambaa kinachanika. Sijui huyu mtoto aliigundisha na nini."

Nikamwambia alihesabu mpaka ishirini. Akanyamaza.

Kwaiyo ukienda: jezi wanazo nzuri kwa bei ile, chukua saizi ya juu, risiti hawatoi, ukitaka kubadilisha jezi kwa sababu ya saizi wanakubadilishia bila makelele (niliwahi kuona), na wakati anaprinti simama pale pale umwambie akaushe kitambaa kwanza na asibandue karatasi ya moto. Atakuona mjuaji. Vumilia.

Wakati natoka fundi kaiona ile ya Saka kwenye mfuko, akasema S ninayo hapa nikuwekee sasa hivi, elfu moja tu. Nikamuuliza dogo anarudi lini. Akasema likizo ya Desemba. Nikakunja AKA 7 yangu nikairudisha mfukoni.