Hadubini ya mitumba ya wanafunzi: mfugaji wa samaki, nunua tu

Wafugaji wenzangu wa sato na kambale, hii kitu naipa nyota nne kati ya tano. Nazungumzia zile hadubini za mitumba za wanafunzi, zenye kioo cha kuakisi mwanga chini badala ya taa, na lenzi tatu, ya kukuza mara 4, mara 10 na mara 40. Yangu nimeichukua Mwanza mjini kwa laki mbili na ishirini, hela inayotosha mifuko kadhaa ya chakula cha samaki najua, lakini soma kwanza.

Sisi tumezoea kusema samaki ana minyoo, basi, mtu anakimbilia duka la dawa. Minyoo gani sasa? Minyoo bapa tu peke yake wako wa aina nyingi mno kwa samaki wa maji baridi, na dawa inayomfaa huyu kwa yule ni hela umemwaga majini.

Anza na matamvua. Chukua sato mzima au aliyekufa sasa hivi, maana akishakaa minyoo ya nje inadondoka na utasema bwawa safi kumbe sio. Kata kipande, weka kwenye slaidi (kile kipande cha kioo cha kuwekea sampuli) na tone la maji ya bwawa lenyewe, pitia na lenzi ya 4, ukiona kitu kinajivuta na kujinyoosha huku kimejishika kwa nyuma hamia lenzi ya 10. Hao ndo monojenea, minyoo bapa wa nje, wengi hawafiki hata milimita moja, nyuma wamejaa kulabu. Wenye vidoti vya macho kichwani, wa kundi la Cichlidogyrus, wanataga mayai, na mayai hayo dawa haiyapati vizuri kwa hiyo lazima urudie, ndo maana watu wanaogesha samaki mara moja halafu wanalalamika dawa feki. Halafu kwenye ute wa ngozi utakuta Gyrodactylus, huyu hana macho na hatagi, anazaa, na ukimtazama vizuri unamwona mtoto tumboni na huyo mtoto naye ana mtoto wake ndani tayari! Aisee nilikaa pale nikimtazama tu, chai ikapoa. Kwa uzazi huo bwawa lililojazana samaki linachafuka haraka sana, na hawahitaji konokono wala ndege, wanatoka samaki kwenda samaki.

Hapo hapo niseme ilipopoteza nyota. Kwa lenzi ya 40 unaona umbo la kulabu, lakini kutaja spishi kabisa hapana. Wataalam wanapima kulabu moja moja na sehemu ngumu za uzazi za kiume, siku hizi na DNA juu. Ziwa Tanganyika peke yake wameshaeleza spishi nyingi za Cichlidogyrus, nyingine zinakaa kwa aina moja tu ya samaki, na kuna ndugu zao wa Enterogyrus wanaoishi tumboni mwa samaki wa jamii ya sato, yaani sio matamvua tena! Sisi wafugaji kujua kundi inatosha.

Sasa kuna wale manjano kwenye nyama na nyuma ya mashavu, wanaotufukuzia wateja sokoni. Huyo ni Clinostomum, mnyoo bapa mchanga aliyejifungia kwenye kifuko, unamwona kwa macho, ila toboa kifuko chake kwa sindano chini ya lenzi ya 4 uone anavyotoka na kinyonyeo chake kikubwa. Akishakomaa anaishi kooni kwa korongo na ndege wenzake wanaokula samaki, mayai yanaingia majini, watoto wanaoanguliwa wanapita kwa konokono, ndo wanafika kwa sato. Sasa umwogeshe samaki chumvi kwa mdudu aliyejifungia ndani ya nyama? Fyeka majani ukingoni, punguza konokono, weka nyavu juu. Mlaji ampike aive, asile mbichi. Ukiona samaki macho yana ukungu, toa lenzi ya jicho uiminye kwenye slaidi, minyoo bapa wachanga wa Diplostomum wanakuwa wanatembea humo, nao wanaletwa na konokono na ndege vile vile.

Tegu ndo hahitaji hadubini sana. Dagaa wa Ziwa Victoria mwenye tumbo limevimba, pasua, utakuta utepe mweupe umejaa, hiyo ni Ligula, na yeye anamsubiri ndege amle dagaa ndo akamalizie ukubwa wake.

Kioo badala ya taa mimi nakipenda, umeme ukikatika unafanya kazi bandani kwa mwanga wa nje, ila jioni imekula kwako. Vibanio vya slaidi vimelegea na kishikio cha simu hakuna, picha unapiga kwa kutuliza mkono. Ukienda kununua usikubali kuonyeshwa mezani tu, beba slaidi yenye ute wa samaki, jaribu lenzi zote tatu dukani hapo hapo, na ile ya 40 iangalie kwa makini kama ina ukungu ndani maana ukungu wa ndani haufutiki kwa kitambaa. Lenzi ya 100 ya mafuta wakitaka kukuongezea bei, kataa, kwa samaki huihitaji.