Kibanda umiza cha Ngamiani, siku ya mechi ambayo "lazima mshinde"

Mi ni shabiki wa Simba, nalisema mapema ili msomaji ajue ninakotokea. Kibanda umiza, yaani banda la kulipia kuangalia mpira, ninachotaka kukisifia kiko Ngamiani hapa Tanga, kwenye zile barabara za namba, hakina bango wala jina, watu wa mtaani wanakijua kwa geti la bati lililopakwa bluu na baiskeli zinazojazana nje siku ya mechi. Tanga vibanda vya mpira vipo vingi tu, Makorora vipo, Mabawa vipo, Chumbageni kuna mpaka vyenye viti vya kunesa. Ila hiki nakiandikia kwa sababu moja kubwa, ndo sehemu pekee niliyoona wanajua kumhudumia shabiki ambaye timu yake inatakiwa kushinda.

Siongelei dabi, yaani sisi na Yanga. Siku ya dabi kibanda chochote kinafaa maana kila mtu ana presha na presha ya wote inagawanyika. Naongelea mechi ile ambayo kuanzia sokoni mpaka msikitini watu wanakwambia "leo nyie mnajipigia tu", na wewe unaitikia "inshallah" huku tumbo joto toka asubuhi, chakula hakishuki, unaangalia simu kila dakika kama kikosi kimetoka wakati unajua kabisa kikosi hakitoki mpaka ibaki saa moja hivi mpira uanze.

Ukifungwa dabi una cha kusema, umefungwa na mkubwa mwenzio, refa, bahati, majeruhi. Ukitolewa na timu ambayo jana hukuijua hata rangi ya jezi yake huna pa kujificha. Na ukishinda hakuna anayekupa mkono, si ulitakiwa kushinda bana. Yaani hiyo mechi shabiki anaingia akiwa na cha kupoteza tu.

Sisi wa Msimbazi, yaani Simba, tuna sababu ya kuogopa. Tarehe 24 Oktoba 2021 haitusahauliki. Tulikwenda Gaborone tukampiga Jwaneng Galaxy ya Botswana mbili bila ugenini kwake, tukarudi nyumbani tunaimba uwanja wa Mkapa hatoki mtu, Bwalya akatupa goli kipindi cha kwanza, jumla tatu bila, watu wakaanza kuulizana kwenye makundi tutapangwa na nani. Kipindi cha pili wakatufunga matatu. La tatu limeingia dakika za mwishoni kabisa, jumla tatu tatu, goli la ugenini likatuua maana wao walifunga matatu kwetu na sisi mawili tu kwao, na kocha Gomes hakumaliza hata hiyo wiki. Miaka miwili kabla yake, 2019, UD Songo ya Msumbiji, suluhu kule Beira, moja moja nyumbani, tukatoka vilevile. Kwahiyo mtu akiniambia mechi nyepesi mi nasikia baridi.

Na sisi watu wa Tanga tunaujua huo mchezo mpaka upande wa pili, kwa sababu Wagosi wa Kaya, Coastal Union yetu, ndo wanaowapa wenzetu matumbo joto. Fainali ya Kombe la Shirikisho 2022 pale Arusha, Yanga ameshabeba ubingwa wa ligi, hakuna aliyempa Coastal Union nafasi, Sopu wa Coastal akamtia tatu peke yake! Tatu tatu mpaka penalti. Yanga walichukua kombe sawa, lakini muulize mwana Yanga yeyote ile jioni ilikuwaje. Timu ndogo siku hiyo haina cha kupoteza, na hapo ndo hatari yake.

Sasa tuje kwenye huduma yenyewe.

Kwanza wanafungua mapema. Mechi ni saa moja usiku, geti liko wazi toka saa kumi alasiri. Vibanda vingi wanafungua ikibaki nusu saa, wanasukuma watu ndani kama mzigo, mpira unaanza bado mnagombea benchi. Mwenye hiki kibanda, sisi wote tunamwita Anko, ni mtu mzima wa miaka yake, anajua kwamba mtu mwenye presha hawezi kukaa nyumbani. Nyumbani unazunguka tu, unamjibu vibaya mtoto, mama watoto anakuuliza unaumwa? Ukifika kwa Anko kuna meza mbili za drafti chini ya mwembe, kuna karata, na kuna watu wenye sura kama yako. Unapiga shikamoo, unaitikiwa marahaba mwanangu karibu ukae, basi, hakuna anayekulazimisha kuongea.

Pili, na hili ndo lililonifanya nikipende, Anko hataki mtu ahesabu magoli kabla ya mpira. Ukianza tu "leo tano hizi" anakugeukia, "Kijana, mpira haujachezwa, mkeka wako wa kubeti uweke mfukoni." Anasema kwa upole lakini anasema kweli na watu wanamsikia. Wa kubeti anawaruhusu, ila makelele ya odds na nani kaweka nini wakafanyie nje barabarani.

Tena anawajua watani. Kuna benchi za upande wa dirishani wanakaa Yanga, hata siku ambayo hawachezi wanakuja, na mtani wa siku ya mechi nyepesi hakutukani, anakusifia. Anakaa karibu yako anakwambia aisee nyie mwaka huu mna timu, leo mnapiga sita, mnyama ni mnyama, anakupandisha juu kabisa ili ukidondoka udondoke vizuri. Mi hiyo naielewa na bado inaniingia. Anko akiona mtani amezidisha anamhamisha kiti, anamwambia twende ukanisaidie kuvuta hii waya, na yule mtu anaenda. Sijaona kibanda kingine mwenye mali anasoma watu namna hiyo.

Siku niliyoliona hili vizuri ni tarehe 2 Machi 2024. Jwaneng Galaxy tena, kwa Mkapa tena, mechi ya mwisho ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, na tukishinda tunaingia robo fainali. Kwao tulishatoka suluhu. Mji mzima unasema hawa safari hii hawatoki, na ndani ya kibanda kimya kama kwenye chumba cha mtihani, maana kila mtu anaikumbuka 2021 na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuitaja. Mbele yangu alikaa mzee mmoja wa Makorora, kanzu yake, kofia yake, mkononi ameshika kashata ya nazi aliyonunua na kahawa. Kahawa alikunywa. Kashata aliishika tu. Kikosi kikatangazwa ameishika, timu zikaingia uwanjani ameishika, kwa lile joto sukari ikaanza kumnata vidoleni na mwenyewe hana habari, macho kwenye ukuta. Anko akaja taratibu na kikombe cha maji na kitambaa, akamwekea pembeni, hakusema kitu, akapita. Goli la kwanza lilipoingia tukaruka wote na ile kashata ikaenda mbele huko sijui ilimwangukia nani. Mpira ukaisha sita bila. Lakini niseme ukweli, hata tulipokuwa tunaongoza vizuri tu bado kuna watu walikuwa hawajakaa chini.

Picha. Projekta kwenye ukuta uliopakwa chokaa nyeupe, na runinga kubwa pembeni ikitokea projekta imegoma. Ana visimbuzi viwili, cha Azam kwa ligi yetu na kingine kwa mpira wa Ulaya. Picha ya projekta siku ya mechi ya mchana haiko wazi sana mpaka washushe turubai madirishani, na wakishusha turubai mnaoka humo ndani, hilo ni tatizo na sijui atalimaliza vipi maana paa ni bati tupu na feni ni tatu.

Kuna jambo la sauti ambalo watu wengi hawalifikirii. Picha ya kisimbuzi inachelewa nyuma ya redio, na simu nayo inaweza kuwahi kukupa matokeo. Kwa mtu mwenye presha hii ni mateso, unaona kona ndo inapigwa, jirani kwenye redio kashapiga kelele, hujui ni goli letu au kipa kadaka. Anko anaomba mlangoni kabisa zima data, redio acha nje. Si wote wanatii lakini wengi wanatii, na spika zake mbili ameziweka nyuma ya watu siyo mbele, kwahiyo kelele za mtaa wa pili huzisikii sana. Kibanda fulani nilichokuwa naenda zamani, sikitaji, umeme ulikatika dakika za majeruhi sisi tunaongoza goli moja, jenereta halina mafuta, tukabaki gizani tunasikia mtaa mzima unapiga kelele na hatujui wanashangilia nini. Hapa jenereta linawashwa na kujaribiwa kabla watu hawajaingia, dumu la petroli liko pale kila mtu analiona, na luku anaiongeza mchana. Mambo madogo haya kwa mwingine, kwa mimi yanashusha presha nusu nzima.

Chakula ni cha mama anayekaa nje ya geti, wengi tunamwita shangazi. Mihogo ya kukaanga na chachandu, bajia, kachori, na chai ya tangawizi kali. Siku ya mechi nyepesi utaona watu wananunua mihogo halafu inapoa kwenye karatasi, shangazi amezoea, anakwambia "kula baba, hao watoto wako wanacheza na wewe hujala, utawasaidia nini?" Bajia zake nazisifu kabisa, za kunde, zina kitunguu na pilipili ya kutosha, ukiwahi zikiwa za moto hata presha unaisahau kidogo. Bia hakuna na haruhusu mtu aje nayo, mi naona sawa, ulevi na mechi ya presha ndo unaleta ngumi. Anayetaka bia mji haujakosa pa kwenda.

Ambacho sikipendi. Benchi za mbao hazina egemeo na mpira ukienda dakika mia na kitu mgongo unalia. Choo kiko nyumba ya jirani, inabidi utoke upite uchochoroni gizani, na mtu mwenye presha anajua choo ni muhimu kiasi gani kabla ya mechi, foleni pale ikibaki dakika kumi ni ndefu kuliko ya mlangoni. Anko, kama unasoma, weka taa pale uchochoroni, nakuomba sana. Na siku za mechi kubwa anajaza kupita kiasi, watoto wanakaa chini mbele kabisa ya ukuta, watu wakiruka mtoto anaweza kukanyagwa. Hilo siyo la kulichukulia poa. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, angefungua na ule wa nyuma wanakowekea makreti.

Kinamama wanakuja, siyo wengi ila wanakuja, kuna benchi karibu na feni ya mlangoni wanaachiwa na hakuna anayewasumbua. Dada yangu ni Yanga wa damu, anakuja hapa kuangalia mechi zao na timu za chini na ananiambia yale yale, kwamba anaogopa zile mechi kuliko anavyotuogopa sisi.

Kwa mechi za Coastal, hapa njoo wakicheza ugenini tu. Wakiwa nyumbani nenda uwanja wa Mkwakwani mwenyewe, usikae kibandani kuangalia kitu kilichoko umbali wa baiskeli dakika chache. Hiyo ni timu iliyochukua ubingwa wa nchi 1988, inastahili watu uwanjani. Mi Ngao ya Jamii ya Agosti 2023 niliangalia Mkwakwani hapo hapo, siku kipa wetu Ally Salim alipodaka penalti tatu za Yanga, na hata leo nikipita nje ya ule ukuta nafsi inafurahi.

Kiingilio ni shilingi 500 mechi za ligi, 1000 mechi za Afrika na dabi, mtoto akija na mzazi haulizwi. Siku kubwa fika kabla ya magharibi maana watu wakitoka kuswali ndo wanamiminika na baada ya hapo ni kusimama. Ukitaka kuona vizuri kaa safu ya tatu upande wa kushoto, safu ya mbele shingo inauma na za nyuma kuna nguzo. Baiskeli ifunge kwa mnyororo kwenye ule uzio wa mbao, kuna kijana anaziangalia, mpe hata 200 ukitoka, timu ikishinda au isishinde.