Asilah, Moroko: nilifuata mchoro uliokwisha kupakwa chokaa

Naanza na alama nisije nikakuchosha: mji nyota tano, chumba nilicholala nyota mbili, na msimu niliokwenda nyota moja, ingawa hilo la msimu kosa ni langu mwenyewe.

Nilikuwa Tangier kikazi mwishoni mwa Januari, nikabakiwa na siku mbili mkononi. Kwa sisi watu wa pwani, Tangier ni kwao Ibn Battuta, yule aliyefika Kilwa mwaka 1331 akatuandika. Nikasema zamu yangu imefika, ngoja nami nikawatazame. Asilah iko kusini ya hapo, kilomita 40 na ushei, mji mdogo ukingoni mwa Atlantiki, na treni ya kawaida haimalizi saa nzima. Angalia tu usikate tiketi ya Al Boraq, ile treni ya kasi, maana inapita moja kwa moja bila kusimama. Stesheni yenyewe iko nje ya mji, kama kilomita mbili. Mimi kwa ubahili nilishika njia kwa miguu, mvua ikanikuta katikati na begi mgongoni. Panda teksi.

Kilichonivuta ni picha moja iliyokaa kwenye simu yangu muda mrefu: ukuta mweupe, na juu yake mawimbi mapana ya rangi yanayopanda kama ndimi za moto. Chini imeandikwa Asilah, basi. Hakuna mwaka.

Habari ya michoro ile inaanza 1978. Watoto wawili wa mji huo, mchoraji Mohamed Melehi na mwenzake Mohamed Benaissa, waliona kwao kunachakaa. Badala ya kungoja serikali, wakawaita wasanii waje wachore kwenye kuta za nyumba za watu, nje, vichochoroni, ambako mama anapita na kapu lake la mboga. Likazaliwa tamasha, linalojulikana kama Musem wa Asilah. Benaissa akaja kuwa meya, baadaye waziri wa mambo ya nje wa nchi nzima, na kazi ya kuufufua mji ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 1989. Wote wawili wameshatangulia mbele ya haki.

Mji wa kale umezungushiwa ukuta wa Wareno, walioingia hapo 1471. Aliyekulia karibu na Fort Jesus hahitaji kuelezwa harufu ya mawe yale. Ndani ni weupe mtupu wa chokaa, milango ya buluu na kijani, paka kila kizingiti. Nami nikaanza kuzunguka, simu mkononi, nikilinganisha kuta na picha kama polisi anayetafuta mtuhumiwa.

Michoro ipo, na mingine ni mizuri kwelikweli. Mchoraji mmoja alikuta sanduku la mita ya umeme katikati ya ukuta wake, akaligeuza jicho la samaki. Lakini nusu ya niliyoiona ilikuwa imebambuka. Ndege hana kichwa. Uso wa mwanamke umebaki kidevu na hereni. Chumvi inapanda kutoka chini, mvua inateremka kutoka juu, rangi inakutwa katikati. Saa ya kwanza nilikasirika, nikiwaza wenye mji wamezembea.

Kijana mmoja akanidandia, akajifanya mwongozaji bila kuombwa. Kila ukuta kwake ulikuwa "maarufu sana". Nilipomwonyesha picha yangu akasema anapajua, akanipeleka kwenye duka la mazulia. Tukaachana hapo, si kwa wema sana.

Aliyenisaidia ni mzee fundi cherehani aliyekaa mlangoni akishona kofia ya jilaba, ile kanzu pana ya Kimoroko. Alinianza kwa Kihispania, maana kaskazini ya Moroko ilikuwa chini ya Wahispania mpaka 1956. Nikamjibu kwa Kiarabu changu cha madrasa. Akacheka, nadhani nilisikika kama hotuba ya Ijumaa, lakini akanisogezea kigoda na chai ya mnanaa. Akaitazama picha, akaivuta kwa vidole, akaita mtu ndani naye aje aone.

"Ukuta ni ule pale," akasema. Ulikuwa mbele yangu, hatua kumi. "Mchoro uliondoka zamani."

"Nani aliufuta?"

"Sisi."

Akanifafanulia polepole, kwa mikono zaidi kuliko maneno. Kila mwaka, kabla ya wachoraji kuja, kuta zinapigwa chokaa upya, na aliyechora mwaka jana hana haki ya kulalamika. Wakati wa kazi watoto wanashika ndoo za rangi na wenye nyumba wanatoa chai. Huko ndiko kuja Asilah, akasema. Mimi nimekuja kuona sahani baada ya watu kula.

Kwa hiyo ushauri wangu: nenda kiangazi cha kwao, kati ya Juni na Agosti, na kabla ya kulipa nauli ulizia tarehe za wachoraji za mwaka huo. Januari utapata utulivu, baisara, supu nzito ya maharage yenye bizari nyembamba na mafuta ya zeituni, na machweo ya Krikia, ile sehemu ya ngome inayochomoza baharini, ambako nusu ya mji hukusanyika jioni hata kwenye upepo wa kukata masikio. Chini yake kuna makaburi yaliyofunikwa kwa vigae vya rangi, na hayo hayapakwi chokaa. Ipo pia bustani ndogo yenye jina la Tchicaya U Tam'si, mshairi wa Kongo-Brazzaville. Tamasha lina tuzo ya ushairi wa Afrika kwa jina lake. Sikutegemea kumkuta Mkongo pale, nikakaa naye kidogo.

Chumba changu, sitakitaja. Kizuri kwenye picha, mto unanuka ukungu, blanketi la pili ni la kuomba mara tatu. Ukienda kipindi cha baridi, uliza kama kuna kipasha joto, na uliza kama kinawaka.

Mzee aliniomba ile picha kabla sijaondoka, hakuwa na hata moja ya ukuta wake wa wakati huo. Nikamtumia kwa WhatsApp tukiwa tumekaa. Ukuta wenyewe Januari ile ulikuwa na mabaki ya kitu cha kijani, labda mti, labda mashua. Ukipita huko kiangazi, ni ule ulio mkabala na fundi, wenye bomba la maji upande wa kushoto. Niambie wameweka nini.