Gevrey-Chambertin 2017, laki nne zinaenda wapi?

Wadau wa Kampala, nyie mnaoniulizaga kama waini za Burgundy, ule mkoa wa Ufaransa, zinastahili ile bei, haya. Gevrey-Chambertin ya 2017, waini nyekundu ya kijiji kimoja cha huko, imetoka duka moja pale Bugolobi kwa laki nne kasoro kidogo, na ndio, nimesema chupa moja, sio katoni.

Rangi yake itawaudhi. Ukizoea zile waini nyeusi tii utadhani hii imetiwa maji, vidole vyako unaviona upande wa pili wa glasi, lakini ndo Pinot Noir ilivyo, zabibu ya ganda jembamba, na pembeni imeshaanza kuelekea rangi ya tofali maana umri umeenda. Pesa yako iko kwenye harufu. Mwanzo ni cheri na jambula iliyoiva mpaka kupasuka, halafu ukiiacha kwenye glasi itulie kidogo inageuka kabisa, inakuja uyoga, udongo uliolowa mvua, na ngozi ya kiatu kipya kwa mbaaali. Mdomoni ina uchachu mzuri, ukakasi upo ila haukamati ulimi, na ukishameza ladha haiondoki haraka. Ninapoikata maksi ni katikati, ile ladha ya kabla hujameza, ni nyepesi kuliko nilivyotarajia kwa Gevrey. Sio ajabu, 2016 baridi ya Aprili iliunguza machipukizi Burgundy, mwaka uliofuata mizabibu ikazaa kwa fujo, na ikizaa sana waini huwa nyepesi, so 2017 nyingi ni za kunywa mapema, sio za kuficha kabatini mtoto amalize chuo.

Sasa joto, jamani. Ile ya "waini nyekundu inywewe kwa joto la chumba" ni ya nyumba za mawe za Ufaransa, sio sebule ya Ntinda saa tisa mchana, nyuzi 27 mapazia yamefungwa. Hii inataka 15 mpaka 17 hivi, iweke friji kwa saa moja na zaidi ndo ufungue. Kuna restoranti moja Kololo chupa zinakaa juu ya kaunta, taa zinaziwakia jioni nzima, unaletewa Burgundy vuguvugu, ukinusa ni spiriti tupu, ukiomba ndoo ya barafu weita anakutazama kama mshamba.

Muchomo wa mbuzi na pilipili uachieni bia, unaifunika yote. Mimi niliinywa na luwombo ya kuku, ile yenye uyoga na kakipande ka nyama ya kukaushwa kwa moshi, ukifungua jani la ndizi mvuke unakupiga usoni, na uyoga wa huko ukakutana na uyoga wa kwenye glasi. Hapo nilinyamaza.

Kwenye lebo muwe makini. Gevrey ni kijiji, mwaka 1847 kikajiongezea jina la Chambertin, shamba lake lenye sifa kuliko yote. Lebo ikisema Chambertin peke yake hiyo ni Grand Cru, ngazi ya juu kabisa, bei yake usiulize ukiwa umesimama. Ya kwangu ni ya ngazi ya kijiji tu, juu yake kuna Premier Cru kwanza, ndo ufike Grand Cru.

Naipa 7 kwa 10. Duka hilohilo lina Volnay ya bei ya chini kidogo, kile kijiji hakina Grand Cru hata moja, na waini zake huwa laini zaidi. Mwenye laki tatu aanzie hapo.