Joseph Rodgers wa Sheffield: Acha Mpini, Soma Shina!

Kabla sijasema neno, sikilizeni. Ta! Mmeisikia? Nakifunga kisu: ta! Huo ndio mlio wa springi nzima. Sasa shusheni sauti kidogo, maana nitaurudia sana leo.

Karibuni wadau. Mezani tuna Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield, Uingereza. Kisu cha kukunja, bapa mbili, mpini wa pembe ya kulungu. Urefu na uzito nimeviandika kwenye maelezo hapo chini, visitupotezee muda. Tangazo la muuzaji lilisema "karne ya 18" kwa herufi kubwa. Ni uongo, na kisu chenyewe kitamsuta sasa hivi.

Fungua ubapa mkubwa. Macho yatakimbilia kwenye mpini kwa sababu ni mzuri. Yarudishe. Tazama pale ubapa unapoingia kwenye mpini, kile kipande nene kisichonolewa. Mimi nakiita shina. Eneo lenyewe halizidi ukucha wa kidole gumba, na ndilo lenye kitambulisho cha kisu.

Nazima taa ya juu. Nachukua tochi ya simu, nailaza kabisa pembeni ili mwanga upite juu ya chuma kama jua la saa kumi na mbili jioni. Mnaona? Herufi ambazo sekunde tano zilizopita hazikuwepo, sasa zina vivuli. Kama bado hazisomeki, saga chaki nyeupe, paka kwa ncha ya kidole, pangusa na kitambaa kikavu. Unga unabaki ndani ya herufi. Usikwangue kwa sindano! Kila mkwaruzo mpya unakaa hapo milele.

Sasa tusome. Juu: G, taji, R. Chini yake JOSEPH RODGERS & SONS. Halafu 6 NORFOLK ST, anwani ya kiwanda. Halafu SHEFFIELD. Mwisho kabisa, hapa pamefifia, ENGLAND.

Anza na zile herufi zenye taji. Ni za mfalme au malkia aliyekuwa anatawala. V R ni Victoria, 1837 hadi 1901. E R ni Edward wa Saba, 1901 hadi 1910. G R ya karne ya 20 inaanza na George wa Tano mwaka 1910, na George wa Sita naye ni G R, hadi 1952. Akina George waliotawala kabla ya 1830 nao walikuwa G R, lakini hiki chetu kina neno ENGLAND, na mtaona sasa hivi kwamba hilo ni la kuanzia miaka ya 1890, kwa hiyo hakiwezi kuwa cha kabla ya 1910. Karne ya 18 imeishia hapo. Ila kuna mtego: Elizabeth naye ni E R, kwa hiyo ukiona E R usishangilie Edward mpaka uangalie mambo mengine. Na shika hili: herufi zinakwambia kisu hakikutengenezwa kabla ya mwaka fulani. Hazikwambii kilitengenezwa mwisho lini.

ENGLAND je? Marekani ilipitisha sheria ya ushuru mwaka 1890, ile ya McKinley, na kuanzia 1891 bidhaa za nje zilitakiwa zioneshe nchi zilikotoka. Ukiona ENGLAND kwenye shina halafu unauziwa kisu "cha 1850", aga kwa heshima uondoke. Lakini ikikosekana, usiseme moja kwa moja kwamba ni cha zamani zaidi, kwa sababu si kila kisu kilikuwa kinapelekwa Marekani.

Geuza upande wa pili. Nyota, na msalaba wa Malta pembeni yake. Hiyo ndiyo alama ya Rodgers. Na hesabu herufi za jina: R-O-D-G-E-R-S. Ina D. Mezani kwa wauzaji utakuta "Rogers" bila D, na vingine ni visu vizuri tu, ila si vya nyumba hii, usivilipie bei yake. Sheffield walilalamika sana kuhusu visu vya Solingen, Ujerumani, vilivyobeba majina yanayofanana na yao, na malalamiko ya aina hiyo ndiyo yaliyochangia Uingereza kutunga sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887. Kwa hiyo ukikamatwa na kisu cha kuiga, huenda umekamatwa na kisu cha kuiga chenye miaka mia na arobaini. Hivyo navyo vina wakusanyaji wake.

Chapa feki za siku hizi utazijuaje? Chukua lenzi ya sonara, ile ya mara kumi. Chapa ya kweli iligongwa kwa nyundo chuma kikiwa bado laini. Kwa hiyo chini ya herufi kuna umbo la kabari, kina hakilingani, upande mmoja umezama zaidi ya mwingine. Ya leza ina kina kile kile kila mahali, na kingo zake zina kijivu cha kuungua. Ya tindikali kingo zake zimetafunwa. Na herufi ikiingia chini ya kichwa cha chuma cha mpini, yaani nusu ya jina imefichwa, uliza: ubapa huu ulizaliwa kwenye mpini huu kweli?

Sasa kinachoniudhi. Sogeza kamera hapa. Ubapa mdogo. Unang'aa kama kioo cha pikipiki mpya! Mtu ameuweka kwenye gurudumu la kung'arisha, chapa imebaki kivuli. Kingo za herufi zimeviringika kama sabuni iliyotumika. Ile rangi ya kijivu-bluu ambayo chuma cha kaboni hujivalisha kwa miaka mingi si uchafu! Ni ngozi yake, na ni ushahidi wa umri. Ukiiondoa hairudi, na bei inashuka papo hapo. Mbaya zaidi ni joto. Gurudumu likipasha makali mpaka yakatoa rangi ya buluu, chuma kimelainika, hakitashika makali tena hata ukinoe usiku kucha.

Turudi kwenye springi. Ta! Jaribio la kwanza: kisu kimefunguliwa, pitisha ukucha mgongoni kukatiza springi na zile bati za shaba njano za pembeni. Ukucha usikwame. Funga, pitisha tena, usikwame. Ubapa ukiwa nusu njia springi inaweza kupanda kidogo, hiyo usiogope. Jaribio la pili: kamata ubapa, usukume kushoto na kulia. Ukicheza, ribiti, ule msumari wa kiungo, imelegea. Atakuja fundi na nyundo akuambie "nagonga mara moja tu." Akigonga mara moja zaidi, pembe inapasuka kuanzia kwenye ribiti.

Jaribio la tatu ndilo wengi hawalijui. Funga kisu taratibu, ukizuia ubapa kwa kidole usijipige. Chini ya shina kuna kisigino kidogo kinachokaa juu ya springi, kazi yake ni kuzuia makali yasigonge chuma ndani. Kisu kilichonolewa miaka hamsini ubapa wake unakonda, ncha inaanza kuchungulia nje ya mpini na kuchoma mfuko. Mjanja anachukua tupa, anapunguza kisigino, ncha inazama. Inapendeza! Ila sasa kila ukifunga, makali yanagonga springi. Tafuta kijipengo kwenye makali, karibu na katikati. Na pima mfuo wa ukucha, ule mchirizi wa kufungulia: ukiwa karibu sana na makali, ubapa umeliwa. Hiki chetu, ubapa mkubwa uko vizuri. Mdogo umeliwa kama robo hivi.

Mpini, haraka haraka. Pembe ya kulungu ya kweli haifanani pande mbili. Mikunjo ikilingana kama pacha, ni plastiki ya kumwaga. Mfupa una vitundu na vijistari vyeusi, vilikuwa njia za damu. Pembe ya ndovu haina hivyo, na mahali ilipokatwa kukatiza utaona mistari inayopishana kama wavu. Seluloidi, ile plastiki ya zamani, isugue kwa kitambaa ipate joto, nusa: karafuu maiti. Msifanye lile jaribio la sindano ya moto mnaloliona mitandaoni, seluloidi inawaka kama karatasi. Na iwekeni peke yake, ikizeeka inatoa mvuke wa tindikali unaoshikisha kutu visu vyote vya jirani.

Pembe ya ndovu na ng'amba, yaani gamba la kasa, nisikilizeni vizuri. Rodgers walitumia pembe nyingi mno, na Zanzibar ndiyo ilikuwa soko kubwa la pembe za Afrika Mashariki karne ya 19, kwa hiyo habari hii inatuhusu. Leo kusafirisha kisu cha namna hiyo kuvuka mpaka bila vibali ni kosa, hata kiwe na miaka mia mbili. Uingereza wana sheria yao ya 2018 iliyoanza kutumika 2022. Chukua cha kulungu, lala usingizi.

Mtauliza Okapi, kile kisu kingine cha kukunja. Najua mtauliza, maoni ya wiki iliyopita yote ni Okapi. Ndiyo, ilianza kutengenezwa Solingen mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani Afrika, na tangu 1988 inatengenezwa Afrika Kusini. Kwa hiyo yenye jina la nchi ya Ujerumani kwenye shina ndiyo ya kutafuta. Na Opinel, kisu cha kukunja cha Ufaransa: ile pete ya kufungia ubapa ilikuja 1955, anayekuuzia yenye pete kama "ya babu wa vita vya kwanza" anakutania. Video ya visu hivyo inakuja Alhamisi, siyo Jumapili tena, tumebadilisha siku.

Bei. Muuzaji alianza pauni 90. Ubapa mdogo umeng'arishwa na umeliwa, "karne ya 18" haipo. Kwangu hiki ni cha 50, tena kwa ajili ya ile ta! Ukinunua mtandaoni omba picha hizi: shina la kila ubapa pande zote, mgongo kikiwa wazi, mgongo kikiwa kimefungwa, na ubavu kikiwa kimefungwa ili uone ncha. Asiyetaka kupiga picha ya shina ameshakujibu.

Kikifika, usikioshe kwa maji, mfupa na pembe vinavimba na kupasuka. Mafuta ya taa kidogo kwenye kiungo, fungua na kufunga mara ishirini, toa weusi kwa kijiti cha meno. Kausha. Tone moja la mafuta ya cherehani, moja tu, rudia mpaka kitambaa kitoke safi. Kutu jekundu liondoe kwa sufi laini ya chuma yenye mafuta, ukifuata urefu wa ubapa. Na usikihifadhi kwenye ala ya ngozi, ngozi inanyonya unyevu na dawa zake zinakula chuma.

Kuna aliyeuliza kama ni kweli Rodgers walitengeneza kisu chenye bapa elfu moja mia nane na ishirini na mbili. Kweli, idadi ililingana na mwaka 1822, na kikawa kinaongezwa bapa kadiri miaka ilivyosonga. Cha kukifunga kile sijui ungeanzia wapi. Hiki chetu kinafungwa hivi: ta!